Ishuke mashine kwanza, ndo ashuke mtu: niliyoongea Mirerani kuhusu hewa ya shimoni

Ambao hamkuweza kufika kwenye kikao cha wachimbaji wa tanzanaiti pale Mirerani mmeniomba niwawekee nilichoongea, basi hii hapa yote. Picha za projekta nimeziacha, bila mtu wa kuzielezea hazisaidii.

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za kazi? Mama zangu wenye migodi nawaona mmekaa huko nyuma, sogeeni mbele viti vipo. Assalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, na ambao salamu yao sijaitoa mnisamehe, nawapenda wote.

Kwa wasionijua, mi kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa hewa. Nilikuwa kwenye mgodi mkubwa wa dhahabu kule Kanda ya Ziwa, sio upande wa kuchimba wala kulipua, upande wa ventilesheni, yaani mafeni, mabomba ya hewa na vipimo. Leo sijaja kuwafundisha mwamba, mwamba mnaujua kuliko mimi. Nimekuja na neno moja na nitalirudia mpaka mlichoke: kabla hajashuka mtu, ishuke mashine ya kupimia hewa. Ishuke mashine kwanza, ndo ashuke mtu.

Nianze na swali. Mtu akikaa bila chakula anaishi siku ngapi? Mnakumbuka Nyangalata, kule Kahama, mwaka 2015? Shimo lilititia mwanzoni mwa Oktoba, watu sita wakabaki chini, huku juu ndugu zao wakashalia, na katikati ya Novemba wakatolewa watano wakiwa hai. Siku 41! Mwenzao mmoja alifia mle mle. Walikula mende, vyura na mizizi, wakanywa maji yanayodondoka kwenye mwamba. Nchi nzima ilisema ni muujiza na mi sibishani na muujiza, ila naomba muangalie kitu kimoja ambacho magazeti hayakukisema sana. Pale walipobanwa hewa ilikuwa inapenya. Isingekuwa inapenya tusingeongelea siku 41, tusingeongelea hata siku moja.

Sasa turudi nyumbani. Juni 2002, hapa hapa Mirerani. Wapo humu ndani waliozika mwezi ule, sihitaji kuwasimulia. Zaidi ya watu 30 walifia shimoni kwa wakati mmoja, na hakikuwa kifusi, hayakuwa maji, walikosa hewa. Mafuriko ya 1998 na ya 2008 tunayakumbuka kila mwaka mvua zikianza kunyesha, tunaangalia mawingu, tunaulizana kama kushuka ni salama. Hewa je? Hewa nani anaiangalia? Wingu unaliona. Hewa mbaya hauioni, na ndo maana inatuua kimya kimya, leo mmoja, mwezi ujao wawili, haifiki hata redioni.

Tuelewane hewa ni nini. Hapa tulipokaa oksijeni ni asilimia 20.9. Shimoni ikishuka chini ya 19.5 mashine yoyote ya kupimia itaanza kupiga kelele, na ina sababu. Ikifika kwenye 16 hivi mshumaa unazima, wewe bado umesimama ila unahema haraka na akili imeanza kupungua, unafanya maamuzi ya ajabu bila kujua kama ni ya ajabu. Ikishuka chini ya 10 unaanguka. Chini ya 6 ni dakika chache tu umeondoka. Na oksijeni inapungua kwa njia nyingi, sisi wenyewe tunaivuta, mbao za matimba, zile zinazoshikilia shimo, zikioza zinaila, mawe yenye salfa yakilowana yanaila, kwa hiyo shimo lililokaa bila kazi miezi mitatu usilione limetulia, huko chini hewa inaweza kuwa imeliwa imeisha na hakuna mtu aliyeingia.

Najua wengi mnashusha mshumaa au kibatari. Wazee wetu walifanya hivo na walikuwa na akili, mshumaa ukizima walijua oksijeni imepungua, hawashuki. Lakini sikilizeni vizuri hapa, vijana hasa. Kuna gesi inaitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi. Haina harufu. Haina ladha. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania pale oksijeni inapokaa kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe, kwa hiyo unahema vizuri, kifua kinapanda kinashuka, ila mwilini hakifiki kitu. Chukua ndoo elfu moja za hewa safi, changanya humo ndoo moja na robo hivi ya hiyo gesi, basi, hapo maisha yako yapo hatarini moja kwa moja. Na kwenye hewa hiyo hiyo mshumaa unawaka vizuri kabisa! Mshumaa unakwambia shuka, shuka baba, huku kuzuri. Mnanielewa? Mshumaa unapima oksijeni, haupimi sumu. Na kwenye migodi ya makaa ya mawe, kama kule Kiwira, mwali wazi ndo usiuguse kabisa, maana kule kuna methani na methani ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa inalipuka.

Wenzetu waliligundua hili kwa vifo. Mwaka 1896 kule Wales ulilipuka mgodi wa makaa wa Tylorstown, wakafa watu 57. Alikwenda mwanasayansi mmoja anaitwa John Scott Haldane, akakagua miili mmoja mmoja, akakuta wengi wao hawakuuliwa na mlipuko. Waliuliwa na kaboni monoksaidi iliyofuata baada ya mlipuko, wakiwa wanatembea kutafuta njia ya kutokea. Akasema tafuteni kiumbe kidogo chenye kuhema haraka, kitalewa kabla yenu. Ndo wakaanza kushuka na ndege wadogo wa manjano, wale jamii ya chiriku, wanaitwa kanari. Ndege akiyumba kwenye fito lake, watu wanageuza. Na wale wachimbaji waliwapenda ndege wao, vizimba vingine vilifungwa kimtungi kidogo cha oksijeni juu yake, ndege akianguka wanafunga mlango, wanafungulia oksijeni, anazinduka. Uingereza walikaa na hao ndege mpaka 1986 ndo wakawastaafisha kabisa, wakaweka mashine. Mwaka 1986! Leo tupo mbali na hapo, mashine inaingia mfukoni, na bado kuna shimo ambalo halina ndege wala halina mashine, lina mshumaa tu na dua. Mi dua naiheshimu sana, naomba kila asubuhi. Lakini mashine nayo ishuke.

Hii hapa niliyoshika ndo yenyewe. Wanaiita ya gesi nne. Inasoma oksijeni, inasoma kaboni monoksaidi, inasoma ile gesi yenye harufu ya yai bovu, haidrojeni salfaidi, na inasoma gesi zinazolipuka. Ile ya yai bovu niseme neno moja tu, msiitegemee pua, ikizidi kidogo inaua uwezo wa pua kunusa, unasema aah harufu imeisha kumbe ndo imezidi.

Namna ya kuitumia. Unaiwasha ukiwa juu, kwenye hewa safi, isome 20.9, kama haisomi hapo juu huko chini itasema ukweli gani? Unaifunga kwenye kamba. Unaishusha taratibu, unasimamisha juu, unasimamisha kati, unasimamisha chini kabisa, kila sehemu unaipa dakika mbili tatu isome, maana gesi hazikai pamoja, methani ni nyepesi inapanda darini, hewa ya ukaa ni nzito inatuama chini kwenye kile kishimo mnachokusanyia maji. Unavuta juu, unaangalia namba kubwa zaidi ya gesi mbaya na namba ndogo zaidi ya oksijeni iliyoiona, unaandika kwenye daftari, tarehe, saa, jina la aliyepima. Halafu anayeshuka wa kwanza anaivaa kifuani, sio mfukoni, kifuani, karibu na pua, na anaiacha inawaka shifti nzima. Ikilia hakuna kujadiliana, hakuna subiri nimalizie hili tundu, mnachomoka wote.

Tuje kwenye baruti. Hapa ndo naomba nikae kidogo maana hapa ndo tunapoisha.

Mkilipua, ule moshi una kaboni monoksaidi, na una gesi nyingine za naitrojeni, ile yenye rangi ya udongo mwekundu au chungwa mnayoiona sa ingine, hasa baruti ikiwa imelowana au mchanganyiko haukukaa sawa. Watu wanasubiri kwa saa. Nusu saa imefika, twende. Nusu saa ni kiwango cha chini tu jamani, na hicho ni kwa shimo lenye feni inayofanya kazi. Shimo lenye kona saba na mpira uliotoboka, nusu saa moshi bado upo pale pale umekaa. Na hata ukiisha machoni, gesi inabaki imejificha ndani ya kifusi, mnapoanza kuchokonoa mawe inatoka usoni kwenu. Kifusi kimwagieni maji kwanza. Na msiangalie saa, angalieni kipimo.

Kulikuwa na kijana kwenye machimbo fulani, sitayataja, aliingia mapema baada ya mlipuko kwa sababu alitaka awahi kuona kama mawe yametoka. Akakohoa kidogo. Akatoka, akanywa maji, akapiga stori, akala ugali wake vizuri na wenzake. Saa tano usiku anahema kwa shida, povu mdomoni. Ile gesi ya rangi ya chungwa ndo inafanya hivo, inaunguza mapafu taratibu, saa zinapita mtu hana habari, halafu mapafu yanajaa maji. Kilichomuokoa ni kaka yake, alipofika hospitali hakusema mdogo wangu ana kifua, alisema mdogo wangu kavuta moshi wa baruti leo mchana. Daktari akajua anahangaika na nini, akampa oksijeni, wakamkesha. Yule kijana yupo hai. Kwa hiyo ukivuta moshi wa baruti, hata kama unajisikia mzima, usilale peke yako, na ukifika hospitali sema neno baruti.

Sasa kuna mitobozano. Nyie ndo wenye neno hilo na ndo wenye shida hiyo. Shimo lako limekutana na la jirani huko chini, kila mmoja na mipaka yake, kila mmoja na ugomvi wake, na kesi zimejaa ofisi ya madini. Mi sio hakimu. Ila gesi haijui kitalu B wala kitalu D, haijui leseni ya nani. Jirani analipua saa nane mchana, moshi wake unatafuta njia, unapita kwenye mtobozano, unawakuta watu wako ambao hawajalipua chochote, wamekaa wanakula mihogo. Watu wangapi tumewapoteza kwa baruti ya jirani? Si tunajua? Basi hata kama hamsalimiani, hata kama mpo mahakamani, kubalianeni kitu kimoja tu, saa za kulipua. Kibao kiandikwe pale mdomoni, wa huku wanalipua saa ngapi, wa kule saa ngapi, na kabla ya kulipua simu ipigwe na jibu lisikike: watu wangu wote wapo juu. Sio meseji. Jibu la sauti.

La kompresa nalo. Wengi hapa hewa yenu inatoka kwenye kompresa, ule mpira unaoendesha drili ndo huo huo unaowapa pumzi. Mmeshafikiria hilo? Kompresa ikizimwa, hewa imezimwa. Wamemaliza kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa drili, kompresa inazimwa ili kubana mafuta, na watu wapo chini wanapanga baruti, wanazoa mawe, wanavuta kile kilichobaki. Mpira wa kompresa unatoa hewa kidogo tu, feni ya kawaida yenye bomba pana inatoa mara nyingi zaidi kwa mafuta machache. Feni ndo chombo cha hewa. Kompresa ni chombo cha drili.

Na hiyo feni au bloa mkishanunua muangalie inakaa wapi. Nimezunguka machimbo mengi na nimeona hiki kitu kwa macho yangu tena na tena: jenereta imewekwa hapa, bloa imewekwa hatua tatu pembeni chini ya turubai moja ili visinyeshewe. Asubuhi upepo unatoka mashariki, moshi wa jenereta unaenda zake, hakuna shida. Mchana upepo unageuka, moshi ule wa ekzosi unaingia mdomoni mwa bloa, bloa inausukuma wote chini kwa nguvu, na huko chini wamefurahi feni inafanya kazi, wanausikia upepo usoni. Wanapuliziwa sumu. Bloa ikae mbali na injini yoyote, upande upepo unakotokea, na upepo ukigeuka mtu wa juu awe na kazi ya kuangalia. Na lile bomba la turubai, kagueni. Nimeona mabomba yamefungwa kwa vipande vya ndala na waya, kila kiraka kinavuja, ukiweka mkono pale mwisho kunakochimbwa huhisi kitu, hewa yote imeishia njiani. Mdomo wa bomba ufike karibu na mnapochimba, ukiwa mita 40 nyuma mnapigia kelele tu.

Msitegemee pia shimo kujipumulia lenyewe. Shimo lenye midomo miwili, mmoja juu kilimani mmoja chini, linapumua kwa tofauti ya joto la ndani na la nje. Alfajiri nje kuna baridi, ndani kuna joto, hewa inakimbia, washa kijiti cha udi pale mdomoni utauona moshi unavutwa. Ikifika saa saba mchana nje joto, ndani joto, ule ule udi moshi wake unasimama wima. Shimo limesimama kuhema na watu wapo ndani. Kwa hiyo kipimo cha saa kumi na mbili asubuhi sio kipimo cha saa saba mchana.

Sasa pampu. Mvua imenyesha, shimo limejaa maji, mnataka kuvuta. Ile pampu ya petroli ya kufyonza haiwezi kuvuta maji kutoka kina cha zaidi ya mita 7 au 8, hata uinunue mpya, hata iwe ya bei gani, ni maumbile ya dunia. Watu wanajaribu juu, haivuti, wanafanya nini? Wanaishusha chini! Wanaifunga kamba, wanaishusha mpaka karibu na maji, wanaiwasha, wanapanda juu. Injini ya petroli ndani ya shimo lisilo na feni. Inanguruma, maji yanatoka, kila mtu anafurahi. Baada ya saa moja petroli inaisha, inazima. Nani anashuka kuongeza mafuta?

Anashuka mmoja, anaanguka. Mwenzake juu anaona kaanguka, anashuka kumtoa, anaanguka. Wa tatu ni kaka yake, anajifunga kitambaa kilicholowana maji puani, anashuka. Nyie mnaijua hii stori, kila machimbo ya nchi hii yana stori hii, mnaweza kuimalizia wenyewe. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, mwaka 1986 iliandika kwamba kwenye vifo vya sehemu zilizofungika kama mashimo na matangi, zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa walikuwa waokoaji. Waokoaji! Sio walioanza kuanguka, ni waliokwenda kuwasaidia.

Kitambaa kilicholowana hakizuii kaboni monoksaidi. Barakoa haizuii. Ya vumbi, ya korona, yoyote. Kinachozuia ni mtungi wa hewa mgongoni na mtu aliyefundishwa kuuvaa. Mwenzako akianguka kwanza ita watu, washa bloa au peleka mpira wa hewa umfikie alipo, piga simu kwa wenye vifaa. Na kwa mashimo ya kwenda chini wima, mtu anayeshuka kwa mara ya kwanza siku hiyo avae mkanda wa mwili mzima umefungwa kamba mpaka kwenye winchi, ili akianguka avutwe na watu wa juu bila mtu kushuka. Najua ni ndugu yako. Najua damu inakwambia shuka. Nakuomba usishuke, vuta kamba.

Na pampu: nunueni ya umeme ile inayozamishwa kwenye maji, jenereta ikae juu, waya ndo ushuke. Hakuna injini ya petroli shimoni. Hakuna. Hata kwa dakika tano.

Moto nao usisahaulike, kwa ufupi. Mgodi wa Kinross, Afrika Kusini, 16 Septemba 1986, fundi alikuwa anachomelea chini, moto ukashika povu la plastiki lililopakwa ukutani, wakafa watu 177, wengi hawakuuona hata huo moto, waliuliwa na moshi wake. Mgodi wa Soma, Uturuki, 13 Mei 2014, watu 301, wengi kaboni monoksaidi. Hizo ni nchi zenye wahandisi na mafeni makubwa. Mkiwa mnachomelea kwenye matimba na mipira, mtu wa juu ajue, maji yawepo, na wengine wote watoke kwanza.

Nimalizie na vumbi, ambalo haliui leo.

Ukichoronga mwamba mkavu, vumbi unaloliona sio baya zaidi. Baya ni lile usiloliona, dogo mara nyingi kuliko unywele, linapita pua, linapita koo, linakaa ndani kabisa ya pafu na halitoki. Mwamba una kwatzi, kwatzi ni silika, silika inatengeneza makovu pafuni, hiyo ndo silikosisi. Haina dawa. Na pafu lenye silika TB inalipenda sana, ndo maana wanaapolo wengi, vijana wetu wa kuchimba, wameijua njia ya kwenda hospitali ya Kibong'oto kule Siha, wanatibiwa TB, wanapona, wanarudi kuchoronga pakavu, wanaumwa tena, halafu mtaani wanasema kalogwa au ana ule ugonjwa mwingine. Hajalogwa. Ni vumbi.

Afrika Kusini waliofanya kazi migodi ya dhahabu waliishtaki hiyo migodi, wakiwemo watu wa Lesotho na Msumbiji waliokwenda kule vijana wakarudi makwao wanakohoa. Mwaka 2018 kampuni sita zilikubali kutenga fidia ya randi bilioni 5, na mwaka 2019 mahakama Johannesburg ikaipitisha. Wengi walikuwa wamekufa tayari, wakaja wajane. Sasa mwanaapolo wa hapa asiye na mkataba, anayelipwa posho ya chakula na ahadi ya mgawo mawe yakitoka, akiugua mwaka wa kumi atamshtaki nani? Ndo maana dawa ni sasa. Chorongeni na maji, drili zenye njia ya maji zipo, na kama haina, mmoja ashike mpira wa maji pale pale kwenye ncha. Lowesheni kifusi kabla ya kuzoa. Barakoa iwe ile ya kuzuia vumbi laini yenye namba yake, kitambaa cha shingoni ni pambo tu. Na wenye migodi pelekeni vijana wakapigwe picha ya kifua kabla hawajaanza kukohoa.

Niliulizwa maswali mawili mwishoni nayaweka.

Mzee mmoja aliuliza nani alipe hiyo mashine. Nikamjibu mzee wangu, kanuni za usalama migodini za 2010 zinamtupia mwenye leseni jukumu la usalama wa watu wake, kwa hiyo kisheria jibu lipo. Ila kiuhalisia, migodi mitatu minne iliyotobozana hewa yao ni moja, wanaweza kununua mashine mbili kwa pamoja, moja inafanya kazi moja ya akiba, na kuzipeleka kukaguliwa kwa gesi ya majaribio, maana vile vihisio vinachoka, cha oksijeni miaka miwili hivi kimeisha hata kama mashine inawaka vizuri. Mashine inayowaka na haisomi ni hatari kuliko kutokuwa nayo.

Mama mmoja mwenye mgodi akauliza, mpimaji akisema msishuke na mi nina mafuta yanaungua, nina watu wa kuwalisha, nani mwenye kauli? Nilimshukuru sana kwa kuuliza wazi. Mpimaji ndo mwenye kauli. Sio meneja, sio mwenye pesa, sio wewe mama yangu. Mchague kijana anayejua kusoma namba, mlipe posho yake hata siku ambayo hakuna aliyeshuka, usimlipe kwa mawe yaliyotoka, maana ukimlipa kwa mawe atashusha watu. Na mtangaze mbele ya wote kwamba akisema hapana ni hapana.

Tulikubaliana Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nirudi na hii mashine na kamba ya mita 100, tupime mashimo ya watu waliojiandikisha, halafu tupime tena yale yale saa saba mchana tulinganishe. Waliojiandikisha mpaka sasa ni wa upande wa kitalu B tu. Wa kitalu D leteni majina kwa katibu kabla ya Ijumaa, na kila mgodi uje na mtu wake wa kupima na daftari lake.